Aisingi ya matunda imegoma: dalili, chanzo na namna ya kuiokoa

Aisingi ya matunda, yaani povu tamu la kupaka juu ya keki, ikiharibika, shuku maji kwanza. Embe, nanasi na forosadi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na povu lolote, liwe la ute wa yai au la krimu, huzama likimwagiwa maji hayo. Baada ya maji, kagua mafuta kwenye vyombo, kisha joto la jikoni. Dalili nyingi zilizomo humu zinatoka kwenye hayo matatu, ila kila moja ina namna yake ya kujionyesha, na tiba ya hii haifai kwa ile.

Ili tuelewane, hiki ndicho kipimo tunachokitumia kama msingi. Kinatosha kwini keki 12, au keki moja ya upana wa sentimita 20 ukiipaka juu na pembeni: ute wa mayai 3 (gramu 90 hadi 100), sukari gramu 180 iliyosagwa laini, rojo zito la tunda gramu 80 (namna ya kulipika iko chini), maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Weka ute, sukari, ndimu na chumvi kwenye bakuli la chuma au la kioo kinachostahimili moto. Liweke juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, kitako cha bakuli kisiguse maji. Koroga kwa mchapo (kifaa cha waya cha kupigia mayai) bila kuacha hadi mchanganyiko ufike nyuzi joto 71. Epua, piga kwa mashine kasi ya juu dakika 6 hadi 8, mpaka bakuli lisiwe na uvuguvugu ukiligusa na ncha ya povu isimame wima. Punguza kasi iwe ya kati, ongeza rojo la tunda kijiko kimoja kimoja, uache kila kijiko kimezwe ndipo uongeze kingine. Paka hapo hapo.

Watu wengi huruka hatua ya mvuke na kupiga ute mbichi pamoja na tunda. Povu linapatikana, hilo ni kweli, lakini yai bichi linaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, na keki nyingi huliwa na watoto, wajawazito na wazee. Usiruke. Kipimajoto cha jikoni ndicho cha kuaminika hapa, kwa sababu sukari huyeyuka kabla joto halijafika panapotakiwa. Na asiwepo wa kuhofia mwinuko: Kampala maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, Kabale iliyo juu zaidi milimani ni chini kidogo ya hapo, na mvuke wake bado unakufikisha 71 bila shida.

Kwa nini ute wa yai na si krimu? Krimu inataka ubaridi tangu dukani hadi mezani, na umeme ukikatika saa nane mchana imekwisha. Povu la ute lililopikwa kwa mvuke hustahimili joto la kawaida la chumba. Krimu nayo ina mahali pake, tutaifikia.

Povu halipandi kabisa

Umepiga dakika 10 na bakuli lina uji mweupe unaong'aa. Chanzo cha kwanza ni mafuta. Tone la kiini linatosha kuzuia povu, kwa hiyo pasua kila yai juu ya kikombe kidogo kabla ya kulimwaga kwenye bakuli kubwa. Kiini kikipasuka utapoteza yai moja badala ya matatu. Mayai hutengana vizuri yakiwa baridi na hupanda vizuri yakiwa na joto la chumba.

Mafuta mengine hayaonekani. Bakuli la plastiki huyashika hata likioshwa kwa sabuni. Na blenda! Katika nyumba nyingi blenda iliyosaga embe leo ndiyo iliyosaga karanga za mchuzi jana. Inua kifuniko chake uzungushe kidole chini ya mpira wa kuzuia maji: ukinusa karanga, mafuta yapo, na yataingia kwenye rojo, kisha kwenye povu. Toa mpira huo, osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kausha, halafu pangusa bakuli, mchapo na miguu ya mashine kwa kipande cha ndimu.

Kama vyombo ni safi, huenda mchanganyiko haukupashwa vya kutosha au umeacha kupiga mapema. Urudishe juu ya mvuke, upashe tena hadi 71, upige upya. Hili linafanya kazi maadamu hujaweka tunda na hakuna mafuta. Ukiona hata mara ya pili umebaki uji, mafuta yapo. Anza na mayai mengine.

Anayepiga kwa mkono ajiandae kwa dakika 15 hadi 20 na awe na mtu wa kupokezana naye. Umeme ukikatika katikati, endelea kwa mchapo. Kama hukuwa umeanza kupiga, funika bakuli, subiri kwa muda mfupi, kisha pasha tena kabla ya kupiga.

Lilipanda vizuri, tunda likaliangusha

Hili ndilo linalowakuta wengi. Povu limesimama kama kilele cha mlima, unaweka kijiko cha pili cha embe, linalegea, cha nne kikiingia limekuwa mchuzi. Rojo lilikuwa na maji.

Tunda lililotoka kwenye blenda halijawa tayari kwa aisingi. Lichuje, kisha lipike kwenye sufuria pana lisilofunikwa, moto mdogo, ukikoroga kwa mwiko. Gramu 250 za embe lililosagwa zipungue hadi gramu 100 au 110, kazi ya dakika 12 hadi 15. Pima sufuria likiwa na rojo kabla na baada, utoe uzito wa sufuria, macho hudanganya. Kama huna mizani, pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia iliyoachwa ibaki wazi ukihesabu moja, mbili, tatu kabla rojo halijairudia. Jaribio la pili ni la karatasi ya jikoni. Weka rojo la kijiko cha chai juu ya karatasi, ngoja dakika moja. Duara la unyevu likienea zaidi ya upana wa kucha ya kidole kidogo, rudisha motoni. Lipoe kabisa kabla ya kuligusisha na povu.

Matunda hayalingani. Embe la kienyeji kama kagogwa lina ladha kali na nyuzi nyingi, kwa hiyo lipite kwenye chujio la matundu madogo mara mbili, la sivyo nyuzi zitaziba ncha ya mfuko wa kupambia. Nanasi la Kayunga ni tamu lakini lina maji mengi kuliko embe. Anza na gramu 300 upate 80. Fenesi halitoi maji mengi: lichemshe na vijiko vitatu vya maji hadi lilainike, saga, chuja. Harufu yake ni kubwa, gramu 50 zinatosha. Bogoya, ile ndizi tamu ndefu, iliyoiva sana inakuwa nzito kupita kiasi na huvuta povu chini kwa uzito wake. Iponde, ipashe dakika 3 na ndimu, tumia gramu 60 tu.

Pasheni ina njia yake. Juisi yake ni nyembamba na kali, na ukitaka kuipunguza kwa moto peke yake utabaki na kitu cha kukunja uso. Ikaze kwa wanga. Chukua juisi mililita 100 iliyochujwa, sukari gramu 30 na wanga wa mahindi gramu 10. Koroga vikiwa baridi, weka motoni, na vikianza kutoa mapovu mazito hesabu dakika moja, epua. Usiendelee kuchemsha ukidhani itazidi kukaza: ukali wa pasheni huvunja wanga, na uji hurudi kuwa mwepesi. Mbegu zitenganishe kwa kuzungusha blenda kwa sekunde mbili mbili, mara tatu. Zikisagwa, utakuta vidoto vyeusi kwenye aisingi na mikwaruzo kwenye ulimi.

Likishaanguka, kulipiga zaidi hakulisimamishi. Andaa ute wa yai moja na sukari gramu 60 kwa mvuke, piga hadi ukaze, kisha changanya lile povu lililoanguka ndani yake kwa mwiko, ukigeuza kutoka chini kwenda juu. Utapata aisingi laini ya kupaka kwa kisu. Maua kwa mfuko wa kupambia usahau.

Inasaga meno kama mchanga

Sukari haikuyeyuka. Sukari ya kawaida inayouzwa Uganda ina chembe kubwa zenye rangi ya kahawia kidogo, na chembe hizo huchelewa kuyeyuka kwenye ute. Isage kwenye blenda kavu kwa dakika moja kabla ya kupima. Ukiwa kwenye mvuke, chovya kijiko, uache mchanganyiko upoe kidogo, usugue kati ya vidole viwili: ukihisi chembe, endelea kukoroga. Rangi ya kahawia itaonekana kidogo kwenye aisingi ya embe na hakuna atakayejali. Kwenye nanasi itaonekana zaidi, na hapo nunua sukari nyeupe.

Ukigundua mchanga baada ya kumaliza, acha aisingi itulie dakika 15, kisha piga tena dakika moja. Chembe ndogo huyeyuka zenyewe kwenye unyevu wa tunda. Chembe kubwa zitabaki.

Kuna vipande vyeupe vigumu ndani

Yai limeiva. Ama bakuli liligusa maji, ama moto ulikuwa mkali, ama uliacha kukoroga ukajibu simu. Kwenye sigiri hili hutokea upesi kwa sababu mkaa haupunguzwi kwa kitufe: toa vipande viwili vitatu vya mkaa, funika vilivyobaki kwa majivu kidogo, subiri maji yatulie hadi yatoe mvuke bila kuruka. Vipande vikiwa vichache, chuja mchanganyiko kabla ya kupiga. Vikiwa vingi, ute uliobaki haushiki hewa ya kutosha, anza upya.

Maji yamekusanyika chini ya aisingi

Umepamba jioni, asubuhi keki imelowa kuzunguka kitako. Inawezekana sukari haikuyeyuka yote, au povu lilipigwa kupita kiasi hadi likawa kama pamba iliyokatika katika, au tunda lilikuwa na maji. Mara nyingi keki yenyewe ilikuwa bado na joto. Gusa upande wa chini wa keki, usiguse juu: juu hupoa upesi na kukudanganya. Kwini keki zinahitaji kama saa moja nje ya trei, keki kubwa saa mbili au zaidi.

Friji pia huchangia. Ukiitoa keki baridi kwenye hewa nzito ya msimu wa mvua, matone hujikusanya juu yake kama kwenye chupa ya soda. Aisingi hii ya ute ipakwe siku ile ile ya kuliwa.

Nanasi au papai: krimu imekuwa chungu, jelatini imegoma kuganda

Sasa tuingie kwenye krimu, kwa sababu ndipo matunda haya mawili yanapofanya hila zao. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini na papai lina papaini. Vyote viwili hukata protini vipande vipande. Ndivyo papai linavyolainisha nyama ngumu, na ndivyo linavyoharibu aisingi. Protini ya maziwa ikikatwa, vipande vyake vina uchungu: krimu uliyoionja saa nne ilikuwa tamu, ukiionja saa saba inauma nyuma ya ulimi. Jelatini, ule unga wa kugandishia, nayo ni protini tupu, kwa hiyo haigandi hata ukiiacha usiku kucha kwenye friji, na kuongeza jelatini ni kupoteza pesa.

Tiba ni moto. Chemsha rojo la nanasi au papai hadi lote litokote, uliache litokote dakika 5, kimeng'enya kinakufa. Nanasi la kopo limeshapikwa kiwandani, linafaa moja kwa moja baada ya kuchujwa maji yake. Kugandisha kwenye friza hakusaidii: kimeng'enya hulala tu, kikipata joto kinaendelea na kazi. Pasheni na forosadi hazina tatizo hili.

Krimu ikishakuwa chungu hairudi. Sukari haifichi uchungu huo.

Krimu haikazi

Soma kwanza pakiti. Inahitajika krimu yenye mafuta asilimia 30 kwenda juu, na 35 ni bora zaidi. Krimu nyepesi ya kupikia au ya chai haitakaza hata ikipigwa saa nzima. Kipimo: krimu mililita 250, sukari ya unga gramu 40, rojo la tunda lililopikwa na kupozwa gramu 80.

Kisha joto. Krimu, bakuli na miguu ya mashine viwe baridi; viweke kwenye friza dakika 20. Kama friza haipo, nunua barafu, ivunje ndani ya beseni, ongeza konzi ya chumvi na maji kidogo, usimamishe bakuli humo wakati wa kupiga. Piga asubuhi. Mchana wa Kampala wenye nyuzi 27 au 28 krimu huanza kulegea kabla hujamaliza safu ya pili. Gulu au Arua, kwenye joto zaidi, ni mapema zaidi.

Ili krimu isimame muda mrefu, loweka jelatini kijiko kimoja cha chai (gramu 3) kwenye kijiko kimoja cha chakula cha maji baridi, dakika 5, kisha iyeyushe juu ya maji ya moto. Ngoja iwe vuguvugu, imimine kama uzi huku mashine ikizunguka. Ukikuta nyuzi kama za mpira ndani ya krimu, jelatini ilikuwa imepoa mno. Anayetaka halali atafute pakiti iliyoandikwa hivyo, au atumie rojo lililokazwa kwa wanga kama lile la pasheni, ambalo husaidia karibu sawa.

Krimu ya unga hustahimili joto zaidi, na waokaji wengi wa nyumbani wanaitegemea. Fuata pakiti, lakini punguza maziwa kwa kiasi kile kile cha rojo unachotaka kuongeza. Wengi huweka maziwa yote, kisha tunda juu yake, halafu wanalaumu unga.

Krimu imekuwa mabonge mabonge

Umepita kiasi. Ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuwa na punje, ongeza vijiko viwili au vitatu vya krimu ambayo haijapigwa, uchanganye kwa mwiko polepole, italainika. Ikiwa maji yameshajitenga na donge la njano, hiyo ni siagi, ipake kwenye mkate. Mabonge yanayotokea pale tu tunda linapoingia yanatokana na ukali: pasheni au ndimu iliyomwagwa ikiwa majimaji hugandisha maziwa. Rojo liwe zito na baridi, liingie mwishoni, kwa mwiko.

Rangi imegeuka

Forosadi ni ya ajabu. Rojo lake ni la zambarau kali, lakini likiingia kwenye ute wa yai hugeuka bluu ya kijivu kama maji ya kufulia. Ute wa yai una asili ya magadi, na yai linavyokaa siku nyingi ndivyo magadi yanavyozidi. Rangi ya forosadi hufuata ukali: penye ndimu ni ya waridi, penye magadi ni ya bluu. Ongeza maji ya ndimu kijiko nusu cha chai, piga, tazama. Rangi inarudi machoni pako. Pika forosadi kwenye sufuria la chuma kisichoshika kutu, maana alumini tupu huitia weusi.

Bogoya na ndiizi (ndizi ndogo tamu) hubadilika kuwa kahawia zikikutana na hewa. Ndimu na zile dakika 3 za moto zinazuia.

Inateleza pembeni ya keki, au imefika imelala

Aisingi isiyoshika kwa kawaida imepakwa juu ya keki yenye mafuta au makombo yaliyolegea. Paka kwanza safu nyembamba mno ya kukamata makombo, iache dakika 15, ndipo upake ya pili. Unene usizidi sentimita moja pembeni. Juu unaweza kupandisha.

Kuhusu safari: keki ya povu inapanda boda kama boksi lina kimo cha kutosha, keki imebandikwa kwenye kibao chake kwa aisingi kidogo, na abiria ameishika mapajani, mikono miwili chini ya boksi. Usiifunge nyuma kwa mpira. Keki ya krimu isafirishwe baridi moja kwa moja kutoka kwenye friji, na isikae nje zaidi ya saa mbili. Mteja akiwa mbali kuliko hapo, mpelekee aisingi kwenye chombo chenye barafu pembeni, keki peke yake, upake ukifika.